Kiazi cha mwakani: kisa cha okidi za Kitulo

Jembe la mkulima liliufukua mmea huo pasipo kukusudia. Ilikuwa Februari, nje kidogo ya Matamba, wilayani Makete. Mzee mwenye shamba alikuwa anasogeza matuta yake ya viazi mviringo kuelekea kwenye nyasi ambazo hazijawahi kulimwa, na katika bonge moja la udongo mweusi likaja shina lenye maua madogo ya waridi, limeinama lakini halijavunjika. Alilipukutisha udongo kwa kidole gumba, akanisogezea mkononi. Chini ya shina kulikuwa na viazi viwili, kila kimoja kama pingili ya mwisho ya kidole. Kimoja kilikuwa kimenywea, ngozi yake ya kahawia imekunjamana, ukikiminya kinabonyea. Cha pili kilikuwa kigumu, cheupe, kimejaa.

“Huyu ni mama,” mzee akasema, akigusa kile kilichonywea. “Ndiye aliyetoa maua haya, ameshachoka. Na huyu ni mtoto, ndiye wa mwakani. Sasa wale wanunuzi, mwanangu, wanamtaka mtoto.”

Nimesoma mengi kuhusu biashara ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi vya okidi kama hivyo, na sijakutana na maelezo mafupi yaliyokamilika kuliko hayo. Okidi nyingi za nyanda za majani huishi hivyo. Kila msimu mmea unatumia kiazi cha zamani kusukuma shina, majani na maua, na wakati huohuo unajaza kiazi kipya pembeni. Kiangazi kikija, sehemu yote ya juu inakauka na kupotea. Chini kinabaki kile kipya peke yake, kikisubiri mvua. Mpita njia akiona ua mwaka unaofuata anadhani ni mmea mpya, kumbe ni uleule wa mwaka jana na mwaka juzi, umehama tu upana wa kidole ndani ya udongo. Anayekichukua kiazi kigumu anauchukua mmea wote, pamoja na miaka yake iliyopita na ile ambayo ungeishi.

Mahali penyewe

Kitulo ni uwanda ulioinuka mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone, katika mpaka wa mikoa ya Njombe na Mbeya. Ukitokea barabara kuu ya Mbeya unapandia Chimala, kwa njia ambayo kila dereva wa huko anaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Ukishamaliza kona ya mwisho, hewa inakuwa nyingine. Miti inapungua, nyasi zinatawala, upepo haukatiki. Kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi ambazo nyasi zinaamka zimefunikwa na jalidi.

Mgeni anayefika Septemba hawezi kuelewa kwa nini wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Anaona nyasi za rangi ya majani ya chai yaliyokauka, na ng'ombe kwa mbali upande wa shamba la mifugo. Inabidi asubiri mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanda unageuka kabisa. Kniphofia zinasimama kama vijinga vya moto, njano ikipanda hadi nyekundu. Jerania zinatambaa, lobelia kubwa zinachomoza kwenye majimaji, na maua ya jamii ya asta yanajaza kila nafasi iliyobaki. Halafu unainama, na kati ya mashina ya nyasi unaziona okidi. Nyingine zina maua meupe yaliyopangana kama shanga, nyingine ya waridi, nyingine ya rangi ya chungwa iliyokolea. Nyingine ni za kijani mtupu, na unaweza kuzikanyaga kabla hujazigundua.

Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea katika uwanda huo, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Zimo zinazopatikana Tanzania tu. Kuna moja, Pterygodium ukingense, ambayo jina lake la kisayansi limebeba jina la Ukinga, nchi ya Wakinga. Jamaa zake wengine wote wa jenasi hiyo wanaishi pande za Afrika Kusini, na huyu mmoja yuko huku kusini mwa Tanzania, mbali na ukoo wake. Wataalamu wa mimea wamepaita Kitulo Serengeti ya maua. Mimi naona Bustani ya Mungu inatosha, na ni jina la watu wa hapa.

Chakula kilichovuka mpaka

Chikanda ni chakula cha kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa kuwa unga. Maji huchemshwa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha unga wa okidi unamiminwa huku ukikorogwa kwa nguvu, kwa sababu ute wake unashika haraka. Sufuria inafunikwa na makaa yanawekwa juu ya kifuniko, moto unatoka juu na chini, mpaka kitu kizima kinaganda. Kikipoa kinakatwa vipande kama mkate.

Nimekionja Tunduma, mji wa mpakani, kwenye karatasi, kimesimama wima bila kutepeta. Kwa ndani ni cha kahawia, laini na kizito kama soseji, karanga inatangulia mdomoni na pilipili inafuata. Ni kitamu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimesikia watu wa uhifadhi wakikizungumzia kana kwamba ni tabia mbaya ya jirani. Ni pishi la watu, la harusini na la safarini, na kwa wengi ni kitoweo cha mahali ambapo nyama ilikuwa adimu. Kosa halimo kwenye sufuria. Hata Lubumbashi, kwa ndugu zetu wa Katanga, wanakijua kwa jina la kikanda.

Kilichobadilika ni idadi ya walaji. Zamani mama alichimba viazi vya kutosha sufuria moja, karibu na kijiji chake, kwa msimu. Watu walipohamia miji ya migodi na Lusaka walihama na hamu yao, na chikanda ikawa kitu cha kuuzwa: sokoni, kituo cha basi, baadaye hadi madukani. Nyanda za Zambia zikaanza kukosa. Wanunuzi wakaanza kutafuta mbali zaidi, na mbali zaidi ilikuwa ng'ambo ya Tunduma, kwenye milima ya Mbeya, Rukwa na Njombe.

Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha tathmini yao ya biashara hiyo katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba hadi aina 85 za okidi zilikuwa hatarini. Ukikumbuka mama na mtoto wa yule mzee wa Matamba, unajua kwamba kwa sehemu kubwa hesabu hiyo ya viazi ni hesabu ya mimea iliyokufa.

Kuna jambo la kalenda ambalo wengi hulipita. Mchimbaji anaitambua okidi kwa jani na ua lake, kwa hiyo anachimba mvua zikiwa zimekolea. Huo ni wakati ambao mahindi bado ni machanga shambani na ghala limebaki vumbi. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinadaiwa. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu wakati ambao hakuna mtu mwingine anayekuja na fedha. Hahitaji kumshawishi mtu. Anaweka debe lake chini ya mti, anataja bei, anasubiri jioni. Nikijiweka mahali pa mama mwenye watoto wanne na debe moja la mahindi, sioni ningekataa kwa hoja gani.

Ubaya wa pili ni kwamba ua linalomwongoza mchimbaji ndilo lililokuwa lizae mbegu. Linang'olewa kabla kitumba hakijakomaa. Na mbegu ya okidi si kama mbegu ya mahindi. Kitumba kimoja kina maelfu ya mbegu, lakini kila moja ni kama chembe ya vumbi, haina akiba yoyote ya chakula ndani yake. Ikianguka ardhini haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina inayoafikiana nayo, aliyeko kwenye udongo huo, wa kuilisha. Nyingi hazimpati. Ile inayompata inakaa chini kwa muda mrefu kabla ya kutoa jani, na inahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Mtu anayesema “zitaota tena” anafikiria magugu.

Hifadhi ilipokuja

Kabla ya hifadhi uwanda ulikuwa umeshapitia mengi. Mwaka 1877 konsuli wa Uingereza, Frederick Elton, alipita na jina lake likabandikwa kwenye ramani kwa miaka mingi. Baada ya uhuru serikali ilianzisha huko ufugaji wa kondoo, kisha wa ng'ombe wa maziwa, na shamba hilo la mifugo bado ni jirani wa hifadhi. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba zipatazo 413. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua.

Sitaki tendo hilo lipite haraka. Tanzania ni nchi iliyozoea kuhesabu thamani ya pori kwa tembo na simba. Hapa dola ilisimama ikasema nyasi hizi na maua yake yanastahili ulinzi uleule unaopewa Serengeti. Mwaka huohuo wa 2005 dunia ikatangaziwa habari za kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua Mlima Rungwe mwaka 2003 na ambaye anaishi pia katika msitu wa Livingstone, pembeni mwa uwanda huu. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote, na jina alilopewa ni lao. Habari za kipunji zilienea haraka kuliko za okidi zote 45 kwa pamoja. Sishangai, ana uso na macho ya kupigwa picha.

Ndani ya mipaka ya hifadhi, jembe la kulima lilikoma. Kuchimba kukawa kosa. Vyanzo vya maji vinavyoshuka kwenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, na vingine kwenda Ziwa Nyasa, vikapata mlinzi. Ukitembea leo Februari kutoka upande wa mashamba kuingia ndani, tofauti unaiona kwa miguu kabla ya macho: udongo uliotifuliwa unaisha, na nyasi zinakushika vifundo.

Sasa ufike kwenye ugumu. Askari wa hifadhi hufunzwa kumfuata jangili. Jangili wa tembo ana bunduki, ana mzoga, ana pembe mbili za kuficha. Jangili wa Kitulo ana kijembe cha mkono na kiroba. Shimo lake lina upana wa kikombe. Akilifukia kwa kisigino, baada ya mvua mbili nyasi zimeziba. Viazi vyake vikikaguliwa njiani vinafanana na njugu mawe zilizonyauka, na vikishatwangwa ni unga wa kijivu usiosema chochote. Wanasayansi wamelazimika kutumia vinasaba kutambua ni okidi gani ziko ndani ya kipande cha chikanda. Afisa wa mpakani hana maabara kwenye meza yake.

Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na zile za chikanda zimo katika Kiambatisho cha Pili, yaani kuvusha mpakani kunahitaji kibali na uthibitisho kwamba mavuno hayaui spishi porini. Kwenye karatasi jambo limekwisha. Tunduma na Nakonde ya upande wa Zambia, hata hivyo, ni mji mmoja uliokatwa na mstari, na watu wanavuka na ndoo zao asubuhi na jioni.

Halafu kuna lile ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini. Mnunuzi hakuwahi kuhitaji Kitulo. Alihitaji viazi. Okidi hizo zinaota Uporoto, Umalila, Ufipa na kwenye vilima vingi vya Njombe ambavyo havina jina kwenye ramani ya utalii, na huko hakuna bango, hakuna askari. Ukiweka uzio kwenye kilomita 413 bila kugusa biashara yenyewe, shinikizo lililokuwa ndani linatafuta njia ya nje. Hifadhi iliokoa mahali, jambo kubwa sana. Kwa okidi za Ufipa haikuwa na la kufanya.

Kwa nini mti mzee hupona

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini katika milima hiihii kuna miti ya miaka mingi ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, hali maua yamechimbwa kwa mamilioni. Rungwe kuna kichaka cha Lubaga, mahali pa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, ambako kwa vizazi makuhani kutoka Ukinga, Makete hiihii ya leo, walikuwa wakivuka milima kuja kushiriki tambiko. Vichaka vya namna hiyo vimetapakaa Unyakyusa. Katikati ya migomba na mashamba ya chai unaona ghafla kundi la miti mirefu, giza chini yake, hakuna kuni iliyookotwa. Kulindwa kwake hakukutokana na sheria ya bunge. Mtu mzima alimwambia mtoto, “Pale hapaguswi,” na sauti yake ilitosha.

Utoto wangu uliniingiza katika heshima hiyo bila maelezo. Tukipita na bibi njiani kwenda sokoni alikuwa anapunguza sauti tukikaribia miti ile. Sikuwahi kumwona akipunguza sauti mbele ya ua.

Mti unajieleza wenyewe. Unaona kwamba babu yako aliukuta. Mikono ya watu watatu haiuzunguki. Ukikatwa, unaacha kisiki ambacho kitamshitaki mkataji kwa miaka ishirini. Okidi ina umri pia, lakini umri wake umefichwa chini, umegawanywa katika viazi vinavyopokezana, na kila mwaka inavaa sura ya kitoto. Ikichimbwa haiachi kisiki. Nyasi zinafunga na mahali pale panakuwa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Ndiyo maana ninasema kisa cha Kitulo ni zaidi ya kisa cha umaskini na mpaka. Ni kisa cha macho. Mila zetu zilijua kuona uzee wa kitu kilichosimama, na hazikuwa na sababu ya kutafuta uzee wa kitu kilicholala, maana wakati ule hakuna aliyekuwa anakuja na debe.

Na upungufu huo wa macho umeingia hata kwenye sheria zetu nzuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuulinda kwa sheria ndogo. Vijiji vingi vimefanya hivyo na misitu yao imerudi. Lakini hiyo ni sheria ya miti. Nyanda za majani zenye okidi aina kumi na tano, kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, mara nyingi zinaandikwa “eneo wazi” au “akiba”. Kitu kilichoandikwa wazi kinasubiri kujazwa.

Kinajazwa na nini? Huku kwetu kinajazwa na viazi mviringo, au kinajazwa na miti. Misindano imefunika vilima vingi vya Njombe na Makete, na nina ndugu waliosomesha watoto kwa mbao zake, kwa hiyo sisemi neno baya juu ya mtu anayepanda msindano kwenye shamba lake lililochoka. Ninachokipinga ni kampeni inayofika kwenye nyanda za majani ambazo hazijawahi kuwa msitu, ikachimba mashimo, ikapanda misindano na mikaratusi, ikapiga picha na kuandika kwamba mazingira yametunzwa. Okidi ya nyandani inahitaji jua. Kivuli cha misindano kikifunga na takataka zake zikarundikana, okidi inatoweka bila mchimbaji kukanyaga. Kuupenda mti mzee wa Lubaga na kupanda msindano juu ya ua la Kitulo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ninaumia kila ninapoona yanaitwa kwa jina moja.

Yanayowezekana

Watu wakinisikia nikizungumza haya huuliza kwa nini chikanda isilimwe tu. Swali ni la haki. Wataalamu wamejaribu kuotesha mbegu za okidi hizi maabara pamoja na kuvu wake, na ujuzi huo unakua. Lakini mkulima wa Matamba anapata viazi mviringo kwa miezi minne hivi. Umwambie apande zao linalotaka kuvu maalumu na miaka ya kungoja, kwa kiazi cha ukubwa wa pingili, hatakuelewa, wala hana sababu ya kukuelewa. Kwa sasa sioni kilimo kikishindana na okidi ya bure ya porini.

Ninaloliona linawezekana lianze kwenye meza ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka juu ya ardhi yake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na inaweza kutenga eneo katika mpango wa matumizi ya ardhi na kuliandikia sheria ndogo. Liandikwe kwa jina lake: nyanda za maua, hazilimwi na hazichimbwi, majani yakatwe kwa kulisha mifugo baada ya mbegu kupukutika. Moto, ukiwashwa, uwashwe kiangazi kikavu wakati viazi vimelala, usiwashwe chipukizi zikiwa zimeshatoka. Hakuna hapo kitu kinachohitaji mfadhili. Kinahitaji mtu kwenye kikao anayejua kwamba lile “eneo wazi” si tupu.

Kwenye biashara, ningeelekeza nguvu kwa mnunuzi badala ya mchimbaji. Wachimbaji ni wengi, wametawanyika, na ukimkamata mmoja umekamata njaa ya nyumba moja. Wanunuzi wa jumla ni wachache, wanajulikana kwenye magulio, na mzigo wao wote unabanwa na mlango mmoja wa Tunduma kabla haujawa unga. Wakaguzi wa mazao pale wakifundishwa kuutambua mzigo ungali viazi vizima, kazi kubwa imefanyika. Na Zambia iwe mezani, kwa sababu wapishi wa chikanda ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka okidi zisiishe.

Utalii unatajwa kila mara, nami nauamini kwa kiasi. Maua ya Kitulo yanachanua mvua zikinyesha, wakati ambao barabara ni tope na wageni wako Ngorongoro au nyumbani kwao. Lakini hao wachache wanaopanda wanahitaji mtu wa kuwaonyesha, maana okidi ya kijani huwezi kuiona peke yako. Anayeweza kuiona kwa haraka kuliko yeyote ni yule aliyekuwa akiichimba. Akilipwa Januari kuonyesha ua moja kwa watu kumi, amepata fedha kwenye mwezi uleule aliokuwa akizihitaji, na ua limebaki lilipo. Ni watu wachache, sikatai, na haitaziba debe la kila nyumba. Ningependa hata hivyo ianze kwa watu watano wa Matamba.

Yule mzee hakuutupa mmea wake. Alinipa niushike wakati yeye anachimba shimo dogo kwenye kingo ya shamba, chini ya matuta, mahali alipokuwa ameacha nyasi za kuzuia udongo usimomonyoke. Akauweka kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, mama na mtoto pamoja, akarudishia bonge la udongo uleule uliotoka nao, kisha akabandika juu pande la nyasi kwa kiganja. Nikamuuliza kwa nini hakuliondoa lile bonge akaweka mbolea. Akasema okidi haipendi kuhamishiwa kwenye shuka za mwenzake.

Nilipita tena mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekolea. Palikuwa na jani moja, refu kama kidole cha kati, limelala kwenye nyasi. Ua lilikuwa bado halijatoka, na mzee alikuwa amechomeka kijiti pembeni yake, mchungaji asilikanyage.